Ukuta wa Mawe na Rundo la Makapi

Katika maandishi ya safari, ukuta wa kale ni miongoni mwa vitu visifiwavyo kwa wingi na kupimwa kwa uchache. Msafiri hupanda mlima, hushika jiwe, hutazama bonde lililo chini yake, kisha huandika kwamba waliojenga walikuwa watu wakuu. Sifa hiyo si uongo. Lakini ni nusu ya kweli, na nusu iliyosalia ndiyo iliyo kazi ya fasihi. Ukuta haujengwi ili utazamwe. Hujengwa kwa hofu, kwa jasho na kwa amri. Huweka watu wengine ndani na wengine nje. Na kila ukuta una mlango, na mlangoni ndipo habari ya ukuta ianzapo na iishapo. Mwandishi asemaye juu ya mawe peke yake ameeleza ganda na kusahau kiini.

Jambo hili lastahili kuchunguzwa kwa sababu mbili. Kwanza, Kiswahili kina maandishi mengi yatajayo kuta na ngome, tangu tenzi za pwani mpaka tamthilia za baada ya uhuru, na yafaa yalinganishwe. Sababu ya pili ni nzito zaidi. Wako wanafunzi wa nchi zisizo na magofu yenye sifa, kama Bariadi na sehemu nyingine za mkoa wa Simiyu, ambao huambiwa, kwa maneno au kwa kimya, kwamba historia ya watu hukaa katika mawe. Kwa kuwa kwao hakuna ukuta wa kuzuru, hudhani kwamba kwao hakuna historia ya kusoma. Ikiwa kipimo hicho ni kibovu, ni wajibu wa uhakiki kukionyesha ubovu wake.

Maswali matatu yatosha kuupima ukuta katika maandishi. Nani aliyeubeba? Nani aliyelala nje yake? Na adui aliingia kwa mlango gani? Maandishi yajibuyo maswali haya humpa msomaji watu. Yasiyoyajibu humpa urefu na upana.

Ukuta mashuhuri kuliko zote duniani ni ule wa China, upitao juu ya migongo ya milima kaskazini ya Beijing. Wauzuruo ni wengi, na wengi wao hurudi na hesabu ya ngazi walizopanda. Franz Kafka, mwandishi wa Prague aliyetunga kwa Kijerumani, hakuuona kamwe ukuta huo; lakini mwaka 1917 aliandika hadithi juu ya ujenzi wake, iliyochapishwa mwaka 1931, yeye akiwa amekwisha kufa tangu 1924. Msimulizi wake ni mmoja katika wajenzi. Asema kwamba ukuta ulijengwa vipande vipande, na baina ya kipande na kipande palibaki nafasi. Kisha auliza ukuta wenye mapengo wawezaje kumlinda mtu. Asema tena kwamba adui mwenyewe, mtu wa kaskazini, alijulikana kwao kwa picha na vitabu tu. Kidogo kidogo msomaji hutambua kwamba katika hadithi hii ukuta haukuwajengea watu usalama. Uliwajenga watu wenyewe wawe watiifu. Mtu ambaye hakupanda ngazi hata moja aliona zaidi ya wengi waliozipanda zote, kwa sababu alianza na mbeba mawe.

Katika Tanzania ngome mojawapo ya mawe yenye sifa ni Kalenga, katika nyanda za juu za Uhehe, kando ya Ruaha Mdogo, si mbali na mji wa Iringa. Hapo ndipo palipokuwa makao ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe, yaliyozungushiwa ukuta wakati nguvu za Wajerumani zilipokuwa zikipanda kutoka pwani. Leo aendaye Kalenga hukuta mabaki machache ya ukuta, na nyumba ya makumbusho. Mwandishi wa safari aliyezoea kusifu mawe hupata taabu hapa, maana mawe hayatoshi kusifiwa. Lakini taabu hiyo ni neema, kwa kuwa humlazimisha kuuliza habari.

Na habari yenyewe yashangaza. Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, Wahehe walilivunja jeshi la Wajerumani lililoongozwa na Emil von Zelewski, naye akauawa. Ushindi huo mkubwa haukupatikana nyuma ya ukuta. Ulipatikana njiani, kwa watu waliovizia na kutokea kwa ghafula, jeshi la adui likiwa limenyooka katika safari. Miaka mitatu baadaye, tarehe 30 Oktoba 1894, Wajerumani waliishambulia Kalenga na kuingia ndani. Mahali palipotegemewa kuwa pa usalama ndipo mji uliposhindwa. Hata hivyo Mkwawa hakushindwa siku hiyo. Alitoka, akapigana miaka karibu minne bila ukuta wowote, akilishwa na kufichwa na watu wake, mpaka tarehe 19 Julai 1898 alipojiua kwa bunduki asitiwe mikononi mwa adui. Basi katika maisha ya mtu mmoja imo hoja kamili: alishinda bila ukuta, akapoteza mji wenye ukuta, kisha akadumu bila ukuta kwa muda mrefu kuliko ule ambao ukuta uliweza kumpa mbele ya mizinga.

Hata kilichobaki kwa wazao si jiwe. Fuvu la Mkwawa lilichukuliwa Ujerumani. Likatajwa katika kifungu cha 246 cha Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, kilichotaka litolewe katika muda wa miezi sita. Nalo halikurudi Uhehe ila mwaka 1954, wakati wa Gavana Edward Twining. Mgeni aingiapo katika makumbusho ya Kalenga hukutana na fuvu hilo. Ukuta uliokuwa wa mawe umetoweka kwa sehemu kubwa, na mfupa wa mtu umedaiwa katika mkataba wa mataifa. Mwandishi atakayeandika juu ya Kalenga akaanza na unene wa ukuta, atakuwa ameanza mahali ambapo habari haipo.

Maandishi ya Kiswahili yamelijua jambo hili mapema, ingawa kila moja limelijua kwa upande wake. Hamed bin Muhammed el Murjebi, aitwaye Tippu Tip, aliandika maisha yake kwa mkono wake mwenyewe. Heinrich Brode akayachapisha mwanzoni mwa karne ya 20, na Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ikayatoa tena mwaka 1958 na 1959 pamoja na tafsiri ya W. H. Whiteley. Ngome katika kitabu hicho ni nyingi, na zote zinatazamwa kwa jicho la mtu atakaye kuingia. Mfano ulio bora ni mji wa Nsama wa Itabwa, alioushinda mwaka 1867. Nsama alikuwa na sifa ya kuwashinda waliomtangulia. Tippu Tip aliingia mjini kama mfanya biashara mwenye haja ya pembe. Akajeruhiwa kwa mishale. Bunduki zikalia, na mji ukashikwa. Mwandishi ahesabu pembe, bunduki na siku. Hapotezi maneno kusifu boma. Swali la tatu, yaani la mlango, alijibu barabara: mlango ulikuwa biashara. Lakini maswali mawili ya kwanza hayagusi kabisa. Waliojenga mji wa Nsama na waliofukuzwa humo hawana sauti katika kitabu chake, ila sauti ya kukimbia. Nathari yake ni safi na ya haraka, na usafi huo wenyewe wamtaka msomaji awe macho, kwa maana mtu avunjaye mlango huwa na sababu ya kutotazama nyuso za waliokuwa nyuma yake.

Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, wasimama upande mwingine kabisa. Humo kuta ni za Pate, mji uliotajirika ukaanguka. Nazo zinaonekana baada ya wenyewe kuondoka, wakati majumba yaliyokuwa na taa na vyombo vya thamani yamekuwa makao ya wadudu na ndege wa usiku. Mshairi hakumwonyesha adui, wala hakueleza vita. Kwake mlango ulioingiwa ni moyo wa binadamu uliodanganywa na dunia. Uzuri wa utenzi huu ni kwamba hausemi juu ya mawe bila kusema juu ya nafsi. Upungufu wake, kwa swali liulizwalo hapa, ni kwamba waliobeba mawe ya Pate hawaonekani. Walioomboleziwa ni wenye nyumba. Waliozijenga walikwisha kuwa nje ya utenzi kabla gofu halijawa gofu.

Tamthilia ina tabia nyingine. Jukwaa halina nafasi ya ukuta wa Kalenga. Haliwezi kubeba mawe, laweza kubeba watu tu. M. M. Mulokozi, alipoitunga Mukwava wa Uhehe, iliyochapishwa mwaka 1979, alijiingiza katika sharti hilo la jukwaa: ngome ipatikane katika kauli za watu, au isipatikane kabisa. Hii ni faida kubwa ya sanaa ya maigizo juu ya insha ya safari. Mwandishi wa insha aweza kujificha nyuma ya ukuta aliouzuru; mtunzi wa tamthilia hawezi. Kila jiwe lazima liwe neno la mtu amwogopaye mtu, au amtumainiye mtu, au amsalitiye mtu.

Ebrahim Hussein alikwenda mbali zaidi katika Kinjeketile, tamthilia yake ya mwaka 1969 juu ya vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Humo ngome si ya mawe wala ya miti. Ni maji, na imani ya kwamba risasi hazitapenya. Maji hayo yaliwaunganisha watu wa makabila mbalimbali waliokuwa hawajaungana. Na maji hayo hayo yaliwapeleka mbele ya bunduki. Mwishoni Kinjeketile aambiwa akiri kwamba maji ni uongo, naye akataa, kwa kuwa aona kwamba neno alilolizaa limekuwa kubwa kuliko yeye, na kukana kwake kutakuwa mnyororo kwa wazao. Hapa fasihi imefika penye shida yenyewe. Kinga iweza kuwa uongo kwa mwili, ikawa kweli kwa umoja wa watu. Hussein hakuifungua shida hiyo kwa wepesi. Aliwaachia watazamaji waibebe kwenda nayo nyumbani.

Kama maji yaweza kuwa ngome katika tamthilia, basi nchi isiyo na ukuta wa mawe haina sababu ya kujiona haina ngome. Kwa mawazo haya inafaa kuiendea Bariadi. Mkoa wa Simiyu uliundwa mwaka 2012, na Bariadi ndiyo makao yake makuu. Lakini nchi yenyewe ni sehemu ya Usukuma wa siku zote, nchi ya ng'ombe, mtama na pamba, yenye mbuga za udongo mweusi, inayopakana upande wa mashariki na nyika za Serengeti. Nchi ya namna hiyo, iliyo wazi na yenye ng'ombe wengi, haikosi kuvamiwa. Wasukuma walizungushia makazi yao na mazizi yao ua wa minyaa. Mnyaa hupandwa kwa kuchomekwa tawi, hukua ukashikamana, na utomvu wake mweupe ukiingia jichoni huumiza vibaya. Ua huo hauachi gofu. Ukikatwa huchipua, ukiachwa huwa kichaka, na mgeni apitaye hawezi kujua kwamba aliyepanda alikuwa akiwaza juu ya adui. Kwa hiyo mtafuta mawe hupita Bariadi bila kuona kitu.

Lakini Usukuma una habari ya ngome iliyo kuu kuliko ua, nayo imo katika hadithi ya Masala Kulangwa. Husimuliwa kwa namna nyingi, na mifupa yake ni hii. Jitu liitwalo Shing'weng'we liliwameza watu wote na wanyama wao. Akasalia mwanamke mmoja mja mzito, aliyejificha katika rundo la makapi. Akamzaa mtoto mwanamume, Masala Kulangwa. Na katika jina hilo limo neno masala, maana yake akili. Mtoto alipokua aliuliza watu wengine wako wapi, akaambiwa. Akatoka kumtafuta adui. Akaua panzi, akamwuliza mama kama huyo ndiye. Mama akasema siye. Akaua ndege, akaua paa. Kila mara mama akasema siye. Mwisho akamkuta Shing'weng'we, akamwua, akampasua, na watu wote wakatoka wazima, baba yake miongoni mwao. Ila katika kupasua kisu kilimkata sikio mwanamke mzee. Mzee huyo akakasirika, akataka kumdhuru kwa uchawi. Masala Kulangwa akamshinda, kisha akatafuta dawa akamponya. Watu wakamfanya mtawala wao.

Hadithi hii ikiulizwa yale maswali matatu hujibu yote. Kilichookoa si ukuta, ni makapi, kitu kilichokwisha kupepetwa na kutupwa, tena kilichozalishwa na kazi ya kila siku ya kupura na kupepeta nafaka. Aliyekifanya ni mkulima. Aliyelala nje ni mwanamke peke yake, na kuwa nje ndiko kulikomwokoa, kwa maana wote wengine wamo ndani. Tumbo la Shing'weng'we ni ngome ya kinyume: limewakusanya watu wote, hakuna awezaye kuwadhuru humo, wala halina mlango. Msimulizi wa Kisukuma alijua, bila kuzuru China wala kusoma kitabu cha Prague, kwamba mahali pasipotokeka ni gereza hata kama ndani yake watu wako hai.

Na mlango ulipopatikana ulipatikana kwa kisu, na kisu kilijeruhi. Hapa ndipo hadithi inapozidi hadithi nyingi za mashujaa. Msimulizi mdogo angeishia penye kutoka watu na vigelegele. Huyu amemweka mwanamke mzee mlangoni, sikio likitoka damu, amlaumu mwokozi wake. Ukombozi una majeruhi wake. Na haki ya kutawala haikutoka katika kuua jitu peke yake, ilitimia katika kumponya aliyeumizwa kwa bahati mbaya. Taifa lolote lililojikomboa lafaa lisomeshe jambo hili.

Yako mapingamizi. Yaweza kusemwa kwamba hadithi yasifu bahati, kwa kuwa mwanamke aliokoka kwa kujificha tu. Jibu lake limo katika panzi, ndege na paa. Kijana hakukaa katika makapi. Alijifunza kumjua adui hatua kwa hatua, akikosea na kusahihishwa. Wajenzi wa Kafka walimjua adui kwa picha wakajenga miaka mingi. Masala Kulangwa hakuwa na picha, akauliza mpaka akajua. Yaweza kusemwa tena kwamba si haki kulinganisha vita vya kweli na hadithi ya jitu. Kwa hakika hadithi haiwezi kushuhudia tukio. Lakini kinacholinganishwa si ushahidi, ni yale ambayo kila habari humtaka msikilizaji ayatazame.

Pingamizi la tatu ni la haki zaidi, na linaigusa hadithi yenyewe. Katika masimulizi yaliyozoeleka, mama huyu hutajwa kwa umama wake, na jina lake halitajwi. Miaka aliyomlea mtoto katika nchi tupu, bila jirani wala mkunga, hupitwa kwa sentensi moja. Yeye ndiye mwalimu, yeye ndiye asemaye siye mpaka kijana atambue. Na heshima apewayo mwishoni ni ya kuwa mama wa mtawala. Hadithi iliyomkumbuka mwanamke mzee mwenye sikio lililokatwa ingaliweza kumkumbuka huyu pia. Hapa pana kazi kwa mtunzi wa leo, wa tamthilia au wa riwaya, na kazi hiyo yangojea mikono ya vijana wa Simiyu wenyewe.

Isidhaniwe kwamba hoja hii yadharau mawe. Mabaki ya Kalenga yastahili kuhifadhiwa, na mwanafunzi wa Bariadi yafaa aende kuyaona. Lakini aende akijua kwamba aliyoyasikia kwa bibi yake jioni, wakati mtama ulipokuwa ukipepetwa, ni maandishi ya cheo kile kile, na kwamba yanaharibika kwa upesi zaidi. Ukuta ulioachwa miaka 100 huacha msingi. Hadithi iliyoachwa kizazi kimoja haiachi kitu. Basi kila msimulizi aandikwe kwa lugha yake ya Kisukuma na kwa Kiswahili, jina lake likitajwa kwa ridhaa yake, na mahali, na mwaka, na tofauti baina ya msimulizi na msimulizi zisisawazishwe kwa ajili ya urembo. Kazi hiyo haihitaji mlima wala ukuta. Yahitaji daftari, subira, na kuamini kwamba rundo la makapi nalo lina historia.